Firimbi ya Shingoni

Mama yangu akipumua vizuri hasikiki. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza tulipomrudisha nyumbani Kiwalani kutoka hospitali, akiwa na tundu shingoni na kibomba cha chuma ndani ya tundu hilo. Akipumua vizuri ni kimya. Makohozi yakianza kukauka, kibomba kinalia firimbi nyembamba, kama birika lililokaribia kuchemka. Yakizidi, firimbi inageuka mkoromo. Baada ya mkoromo kunakuja kimya tena, na hicho kimya cha pili ndicho nilichokiogopa kuliko kitu chochote, kwa sababu ukiwa uani unakuna nazi hakina tofauti na kile cha kwanza.

Walimtoa uvimbe kooni, na kisanduku cha sauti kikaenda nao. Wengi waliokuja kumjulia hali hawakuelewa maana yake, na mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Njia ya hewa na njia ya chakula zilitenganishwa kabisa. Mdomo ukabaki wa kula, pua ikabaki pambo. Hewa yote, inayoingia na inayotoka, inapita shingoni. Ukimziba mama yangu pua hatashtuka. Ukimziba shingo unamuua.

Muuguzi aliyenifundisha wodini alikuwa mwanamke mkali asiyebembeleza mtu. Alisimama nyuma yangu nikichomoa kibomba cha ndani, maana vipo viwili, cha nje kinakaa kimefungwa kwa utepe na cha ndani kinatolewa kusafishwa. Nikakisugua kwa brashi na maji ya uvuguvugu, nikadondoshea tundu matone ya maji ya chumvi ya dripu, mama akakohoa, nikapangusa, nikakirudisha. Mikono ikaanza kunitetemeka katikati ya kazi. Akaniambia, "Dada, tetemeka ukishamaliza." Nilikasirika, halafu nikalishika neno lake kuliko yote aliyonifundisha.

Nyumbani nikawa askari. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana nina hasira za karibu na nilizitumia zote. Niliweka gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ikiwa na unyevu juu ya tundu, kwa kuwa pua haiko tena kazini kuilainisha hewa na kuchuja vumbi, na vumbi la mtaani kwetu halihitaji maelezo. Nilifukuza wavuta sigara hadi barabarani. Feni niliigeuzia ukutani. Ndege zikipita juu ya bati kuelekea uwanjani nilikuwa naacha kila ninachofanya na kwenda kusimama mlangoni kwake, kwa sababu kelele ya ndege inafunika firimbi, na sikutaka kupitwa na hata pumzi moja.

Mama ni Mzaramo wa Dar es Salaam kwelikweli, mwanamke wa maneno. Zamani aliweza kuniita akiwa ukumbini nami niko dukani mtaa wa pili, nikaitika. Sasa tulimwekea kikombe cha bati na kijiko kando ya kitanda. Akigonga taratibu anataka maji au anataka kugeuzwa. Akigonga mfululizo, acha yote, kimbia. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake, kikombe na kijiko, na alikitumia kikombe kama alivyotumia mdomo, yaani hakikupumzika.

Kulikuwa na wanawake wawili waliokuja kila siku. Wa kwanza ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, wifi yake mama. Kwenye ukoo wetu shangazi ndiye mwenye shughuli zote. Arusi ni yeye, arobaini ni yeye, na mtu akizidiwa ni yeye anayeitwa. Alimfumba baba macho. Aliwafumba bibi na babu, na wadogo zangu waliokufa wachanga. Akiingia kwenye nyumba yenye mgonjwa, hata wanaume wanakaa vizuri kitini.

Tundu la shingoni lilimkera tangu siku ya kwanza. "Mwanamke mzima kaachwa shingo wazi, watu wanaingia wanatoka, wanachungulia. Hata stara hamna?" Alichukua khanga akamfunika mama hadi kidevuni. Nikaitoa. Akairudisha. Nikaitoa. Ilikuwa vita. Udi ndio uliofuata. Mama alipenda udi kupita kiasi, na shangazi alileta chetezo makaa yakiwa tayari yamekolea, akakiweka chini ya kitanda ili mgonjwa achangamke. Nilimweleza kwamba harufu inahitaji hewa ipite puani, na kwa mama haipiti, kwa hiyo kinachomfikia ni moshi tu, na moshi unakwenda moja kwa moja kifuani. Shangazi aliniangalia kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto. "Udi haujawahi kumdhuru mtu wa nyumba hii," alisema, akatoka na chetezo chake, akakirudisha nilipokwenda bombani.

Wa pili ni jirani yetu, Mnyamwezi wa Tabora, ukuta kwa ukuta na sisi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na yeye aliutumia utani huo bila huruma. Alikuwa akisimama mlangoni na kupaza sauti: "Mtani, bado upo? Mie nishaazima sufuria la msibani, unanichelewesha!" Mama alicheka kwa mabega, bila sauti, mpaka nikawa na hofu makohozi yatampalia. Mgeni asiyejua mila angeomba huyo mama afukuzwe. Sisi tulimpisha kiti. Nikisafisha kibomba alikaa hapo hapo akitazama, na akakipa jina la bomba la mtaa. "Leo maji yanatoka?" aliniuliza kila asubuhi, nami nikamjibu yanatoka au yana kutu, kutegemea nilichokiona kwenye brashi.

Dua ya shukrani lilikuwa wazo la shangazi. Mgonjwa karudi salama, lazima Mungu ashukuriwe, na watu wale. Nilikataa kabisa. Nyumba ndogo, watu wengi, vumbi, moshi, nikasema tusubiri apone vizuri. Mama akagonga kikombe. Alinionyesha mimi kwa kidole, akatikisa kichwa, akamwonyesha shangazi, akaitikia kwa kichwa. Alitaka watu wake. Basi nikatoa masharti kama balozi wa nyumba kumi: chumbani hauingii udi, khanga haipandi juu ya kifua, wageni wanaingia wachache wachache, na mlinzi wa pumzi ni mimi peke yangu. Shangazi akasema sawa, kwa sauti ile ambayo maana yake si sawa.

Siku ya siku turubai lilifungwa mbele ya nyumba, wanaume na mashehe wakakaa huko. Wanawake walijaa ndani, ukumbini na kwenye korido, viatu vimerundikana mlangoni hadi huoni kizingiti. Baada ya adhuhuri nilimsafisha mama. Maji yalitoka. Nikamkalisha na mito mgongoni, gozi mbichi shingoni, kikombe na kijiko karibu na mkono wake wa kulia. Jirani yetu mtani alikuwa bado kwake akivaa. Kisha wakaniita uani: mpishi wa pilau hajatokea, moto umekuwa mkali, nani ageuze? Nikamwambia mama nakuja sasa hivi.

Sikuja sasa hivi. Sufuria lilikuwa kubwa kuliko mwiko, wali umeanza kushika chini, na kila nilipotaka kuondoka mtu aliniuliza chumvi iko wapi au kachumbari ikatwe saa ngapi. Ndege ikapita. Nikajisemea ikiisha naenda. Ikapita nyingine.

Yaliyotokea chumbani nilisimuliwa baadaye, na sikuhitaji kusimuliwa sana. Wageni walikuwa wengi, vyombo vikawapungukia. Shughuli za kwetu hakuna mwanamke anayekaa bure, kwa hiyo wakapita vyumbani wakikusanya kila chombo walichokiona, waoshe, wanyweshe wageni maji. Mmoja, kwa nia njema kabisa, alichukua kikombe cha mama. Kijiko alikiacha. Moshi wa udi ukaingia kutoka ukumbini, wageni wakapishana na vumbi lao, gozi ikakauka na haikuwepo mikono ya kuilowesha. Firimbi ililia. Nina hakika ililia, na wakadhani ni mlio wa kawaida wa mgonjwa. Mama akagonga. Aligonga kijiko juu ya godoro.

Mimi nilichosikia uani ni Yasini.

Sura ya Yasini husomwa kwa mengi, na siku kama ile isingekuwa ajabu. Lakini wanaume nje walikuwa hawajaanza, nilisikia wakipiga soga. Hii ilitoka chumbani, kwa sauti za wanawake, za chini, za pamoja, na kuna namna ya kuisoma ambayo mtoto wa Kiislamu akishaisikia mara moja kando ya kitanda haisahau. Niliisikia siku ya baba. Nikaangusha mwiko.

Kwenye korido hakukuwa na pa kuweka mguu. Nikapita juu ya watu. Mlangoni wakanishika, na walionishika walikuwa wanalia. "Usimpigie kelele, mwanangu," mmoja aliniambia akinikumbatia kwa nguvu. "Mwache aende kwa salama."

Juu ya bega lake niliona. Mito wameitoa. Mama amelazwa chali, uso umegeuzwa kibla, khanga imemfunika kuanzia kidevuni hadi miguuni. Dirisha limefungwa. Chetezo kiko pembeni kinafuka. Shangazi ameketi kichwani pake, ana kijiko, kile kile, anamdondoshea maji mdomoni tone kwa tone, huku anamtamkisha shahada kwa upole mkubwa, kama anavyofanyiwa kila anayeondoka kwetu. Maji yanaingia mdomoni kwa utulivu. Mdomo haukuwa na shida yoyote. Chini ya khanga kifua kilikuwa kinajivuta, kinajivuta, na khanga inazama shimoni pale shingoni na haitoki. Mkono wa mama ulikuwa juu na kidole kimenyooka, kinatetemeka kwenda shingoni, na shangazi amekidaka kidole hicho, amekielekeza dari, machozi yanamtoka kwa furaha. "Kashahidia," alisema. "Mmeona? Kashahidia wifi yangu."

Nikapiga ukelele. "Hafi! Kaziba! Bomba limeziba!"

Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika, kwa sababu binti anayepiga ukelele mamaake akikata roho si jambo geni. Kila msiba una mmoja. Na dawa yake inajulikana: anashikwa. Kadiri nilivyosukuma ndivyo walivyozidi kunishika, na walivyozidi kunishika ndivyo nilivyopiga kelele kama mwehu, na sauti za Yasini zikapanda kunifunika. Nilimpiga kiwiko mama mmoja wa heshima, rafiki wa mama wa siku zote. Akanibusu shavuni. Nilihisi chuki ambayo sijawahi kuihisi, kwa wanawake walionilea, kwa wema wao, kwa mikono yao laini. Kifua cha mama kikajivuta tena, polepole zaidi.

"Hodiii msibani!"

Mtani aliingia akipiga makofi. Alikuwa amevaa gauni lake la shughuli, kichwa kimefungwa nusu, na alipaza sauti ile ya kila asubuhi. Watu wakageuka. Yasini ikayumba. Akapita katikati yao kama anapita sokoni, akisukuma kwa nyonga, na hakuna aliyemshika, kwa sababu mtani kwenye kifo hashikwi. Ana haki ya kulala kaburini akitaka. Ana haki ya kukalia jeneza. Wazaramo wote waliokuwemo chumbani waliijua haki hiyo, wakampisha kwa mazoea, na wawili watatu, Mungu awasamehe, walianza kucheka huku wanalia.

"Nani kasema mtani wangu afe leo?" Akapanda kitandani mzima mzima. "Hata pilau sijala! Na hii ndo sanda? Khanga? Nyie Wazaramo mna aibu kweli?" Akaishika khanga kwa mikono yote miwili, akaivuta, akaitupa sakafuni.

"We Mnyamwezi!" Shangazi alifoka. "Ngoja basi roho itoke!"

"Haitoki. Mie sijaruhusu." Akamshika shangazi mikono yote miwili, akamvuta kutoka kichwani pa mama kama wanavyovutana kwenye ngoma, akamketisha chini. Na wakati wote anapiga kelele za utani alikuwa ananitazama mimi, na macho yake hayakuwa na mzaha hata chembe. "Haya, fundi bomba yuko wapi? Maji hayatoki hapa!"

Mikono iliyonishika ililegea. Ililegea kidogo tu, kwa mshangao, na hicho kidogo kilinitosha.

Mtani alimwinua mama, akamkalisha, akajifanya ukuta nyuma ya mgongo wake. Midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Macho yalikuwa wazi, yamenikazia, na nashukuru hayakuwa yamekata tamaa. Nilishika kibomba cha ndani nikazungusha. Kikagoma. Nikazungusha tena, kikachomoka, na ndani yake palikuwa pamejaa donge la kahawia, gumu kama ukoko. Nikangoja hewa. Haikuja. Lilikuwepo jingine, chini zaidi.

Nikachukua maji ya chumvi. Tetemeka ukishamaliza. Nikadondosha tundu likameza, nikadondosha tena. Yasini ilikuwa imekatika. Nje, chini ya turubai, shehe alikuwa ameanza dua, na wanaume wakaitikia amina kwa ajili ya mgonjwa aliyerudi salama. Kifua cha mama hakikujivuta. Nikamwambia, "Kohoa, mama. Kohoa. Kohoa, nakuomba." Mtani akampiga mgongoni kwa kiganja.

Akakohoa. Kikohozi kisicho na sauti, mwili mzima. Donge likatoka shingoni likaruka na kumpata shangazi kifuani, kwenye baibui lake jipya. Ikafuata firimbi ndefu, mbaya, tamu. Ikafuata nyingine. Nikapangusa. Kisha firimbi ikakatika na kikaja kimya, nami nikainamisha sikio hadi shingoni kwake, nikausikia upepo wa moto ukinigusa sikioni, ukienda ukirudi. Kilikuwa kile kimya cha kwanza.

Wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja, wanapishana na harufu ya pilau linaloungua. Mtani alibaki kitandani, kilemba kimemfunguka, anahema kuliko mgonjwa. Shangazi alibaki sakafuni pale pale alipoketishwa. Hakulipangusa lile donge. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefunguka, kama mtu aliyepokonywa kitu.

"Nilijua anakwenda," alisema. Hakuwa anasema na mtu. "Nimewasindikiza wangapi? Baba yako. Wadogo zako. Hakuna hata mmoja aliyenirudia."

Nilikuwa na maneno tayari kinywani. Niliyaandaa siku nyingi, tangu khanga ya kwanza, na sasa nilikuwa na haki nayo yote. Nilitaka kumwambia kwamba amemzika wifi yake mzima, na kwamba asikanyage tena chumba hiki. Nilifungua mdomo.

Mama akainua mkono. Nilidhani ananitaka mimi, nikasogea. Akanipita. Alimwita shangazi kwa kidole, kile kile, mpaka shangazi akajikokota kwa magoti hadi kitandani. Nasema kweli, niliona wivu. Mimi nimesimama na kibomba mkononi, na anayebembelezwa ni yeye. Mama akamshika mkono ule, mkono uliomfumba baba macho, akauvuta, akauweka mbele ya tundu la shingo.

Shangazi akaurudisha haraka kama aliyeungua. Kisha akaupeleka mwenyewe, taratibu, akauacha hapo. Tangu mama atoke hospitali alikuwa akisema naye akimtazama mdomo. Sasa aliinama, akaitazama shingo.

"Wifi," alisema. "Kumbe uko huku."

Nikaenda kukiosha kibomba cha ndani. Nilikisugua, nikakisuuza, nikarudi nikakiweka mahali pake, nikakifunga vizuri na kuweka gozi mbichi juu yake. Nikahakikisha. Ndipo nikatetemeka, miguu ikakataa kunibeba kabisa, na aliyenidaka nisianguke alikuwa shangazi.